Akiba kwa Jina la Beryl

Barnsley, 16 Aprili 2023

Shemeji Norma,

Hujambo, kiziwi wangu? Ningekupigia simu, lakini kukupigia wewe simu ni sawa na kuliimbia gogo. Kwa hiyo nimekaa mezani na kalamu, mimi niliyeacha shule na miaka kumi na nne, na leo nina hela kuliko mwalimu aliyenichapa.

Habari kubwa: yadi imeuzwa. Walikuja watu watatu wa duka kubwa, suti tupu, wanataka kuegesha magari pale nilipokuwa napanga vyuma chakavu vyangu. Wakataja bei, nikacheka. Wakapandisha, nikakohoa. Wakapandisha tena, nikamwambia Beryl alete chai. Baada ya kulipa kila mwenye mkono, zimebaki pauni laki mbili na elfu ishirini. Taslimu! Pauni tupu, hakuna kutu.

Sasa sikiliza akili ya shemeji yako. Hela hizo benki zinazaa riba karibu elfu tisa na mia tisa kwa mwaka. Zikikaa kwa jina langu, mimi mwenye pensheni zangu nono, serikali inaniachia elfu moja tu ya riba. Inayobaki Bwana Kodi anachota pauni ishirini kwa kila mia. Karibu elfu moja na mia nane kila mwaka, na hajawahi kuinua hata boriti moja pale yadini! Miaka arobaini na sita nimefanya kazi, Bwana Kodi hajakaa mezani kwangu akashiba, na hashibi leo.

Dawa ni dada yako. Beryl ana pensheni ndogo tu, elfu saba. Mtu anaachiwa elfu kumi na mbili na mia tano na sabini kabla hajaguswa. Mwenye kipato kidogo kama yeye anaongezewa elfu tano za riba, na juu yake ile elfu moja. Jumlisha mwenyewe, ulisoma wewe. Beryl anaweza kula riba ya elfu kumi na moja na ushei, asitoe hata peni. Na mume kumpa mke hela hakuna kodi. Kwa hiyo zote nazihamishia kwake.

Nimewaza mwenyewe, shemeji. Hakuna aliyenisaidia.

Najua kuna mtu mmoja ofisi ya kodi kule Leeds angekosa usingizi akisikia. Jina lake halitajwi nyumba hii. Nilimtoa mlangoni mwaka 97, alipoiacha yadi ya baba yake akaenda kula mkate wa Bwana Kodi.

Shemeji yako tajiri,
Clifford Haigh

*

Filey, 22 Aprili 2023

Shemeji Clifford,

Masikio yamekufa, macho bado. Nimesoma majigambo yako mara mbili, mara ya pili nikiwa na chai, maana ya kwanza yalinikaba.

Hongera kwa yadi. Lakini kwa nini zote kwa jina la Beryl? Fungueni akaunti ya pamoja. Mnagawana riba nusu kwa nusu, kodi inapungua, na lolote likitokea kwa mmoja, hela zinabaki kwa mwenzake palepale. Wewe una miaka sabini na sita, yeye sabini na tatu. Si watoto nyinyi.

Na huyo usiyemtaja anaitwa Adrian. Ni mwanao. Mimi nitamtaja, maana sikai nyumbani kwako.

Norma

*

Barnsley, 25 Aprili 2023

Dada Norma,

Clifford ameenda klabu kuwasimulia watu jinsi alivyowashinda wale wa suti. Nina saa mbili.

Alinisomea barua yako kwa sauti, akacheka. Dada, nakuomba, usimwambie tena habari ya akaunti ya pamoja.

Wewe unajua kwa nini. Ile karatasi tuliyoandika mwaka 98 kwa wakili wa Filey, wewe na jirani yako mkatia sahihi kama mashahidi, bado ipo. Sijaibadilisha hata neno. Kila nilicho nacho nikifa kiende kwa Adrian. Siku ile nilikuwa na nini? Pete, saa ya mama, na pauni mia nne za posta. Tulicheka, unakumbuka? Ulisema Adrian atanunua baiskeli.

Sasa sikiliza. Wazo hili si la Clifford. Agosti iliyopita, tulipokutana na Adrian kwako kama kila mwaka, nilimuuliza watu waliooana wanafanyaje kupunguza kodi ya riba, maana habari za kuuza yadi zilishaanza. Akanieleza taratibu, kama anavyoeleza kila kitu. Akasema njia zipo mbili, ya pamoja au ya jina langu peke yangu. Akasema kwa umri wetu ya pamoja ni salama zaidi. Niliporudi nilimwambia Clifford ile ya pili tu. Nikaisema kidogokidogo, leo neno, kesho neno, mpaka akaamka asubuhi moja akaniambia amepata wazo.

Mtoto yule alifanya kazi yadini tangu ana miaka kumi na miwili. Hakulipwa hata siku moja. Ana miaka kumi na sita mashine ikamchukua vidole viwili, na wiki ile ile baba yake akaenda kufanya mzaha klabu: mwanangu sasa anahesabu mpaka nane tu. Watu walicheka, Norma. Nilikuwepo.

Na kingine. Daktari ameusikiliza moyo wangu. Kuna vali, mlango wa damu, haifungi. Amesema tusubiri vipimo, lakini nimeuona uso wake. Clifford hajui. Usimwambie hili wala lile. Uliniahidi mwaka 98.

Mdogo wako,
Beryl

*

Filey, 2 Mei 2023

Beryl,

Niliahidi kuhusu pete na saa. Sikuahidi kuhusu laki mbili.

Unajua unachokifanya? Unamlisha mumeo sumu kwa kijiko cha asali, na yeye anakushukuru kwa utamu. Ukitangulia, mzee anabaki na nyumba na pensheni, na jasho la maisha yake lote linakwenda kwa mtu ambaye hajamsemesha miaka ishirini na sita. Atakufa kwa hasira. Au atafanya jambo baya zaidi ya kufa.

Sisemi Adrian hastahili. Huyo mtoto anakuja kwangu kila Agosti, ananitengenezea paa, hataki hata nauli. Lakini mwambie Clifford usoni. Mwambie, hizi hela nusu ni za mwanangu. Wewe ni mke, si mwizi.

Nitanyamaza kwa sababu wewe ni damu yangu. Silali vizuri.

Norma

*

Barnsley, 11 Juni 2023

Shemeji,

Kazi imekwisha! Hela zote zimehama. Nimezigawa benki nne, maana benki ikianguka serikali inakulipa mwisho elfu themanini na tano kwa kila benki, na mimi si mjinga wa kuweka mayai yote kapu moja. Akaunti nne, jina moja: Beryl Haigh. Mhasibu akaniletea karatasi, inasema hii ni zawadi kwa mke wangu, nzima, bila masharti, sina haki ya kuzidai tena, la sivyo watu wa kodi watasema ni kiini macho. Nikamwambia lete kalamu. Akasema, "Bwana Haigh, soma kwanza." Nikamwambia kijana, mwaka 79 nilinunua garimoshi zima bila kusoma karatasi, nikaliuza kipande kipande, mpaka filimbi nikamuuzia kasisi. Nikatia sahihi.

Kuhusu akaunti yako ya pamoja, nimekupigia hesabu, uone ninavyokuheshimu. Nusu ya riba ingekuwa yangu, Bwana Kodi angechukua mia saba na tisini kila mwaka. Mia saba na tisini! Kwa nini, ili jina langu lionekane pazuri kwenye karatasi? Mke wangu ndiye benki yangu. Tumelala kitanda kimoja miaka hamsini na mbili, ataenda wapi na hela, Hispania?

Dada yako mvivu siku hizi. Akipanda ngazi anapumua kama mivukuto ya mhunzi, anakaa ngazi ya sita kupumzika. Namwambia utajiri umeshakuingia miguuni. Anacheka. Zamani alikuwa ananijibu, sasa anacheka tu.

Agosti nitakuletea dada yako, kama kawaida. Wiki zangu mbili za kula pai bila kuulizwa.

Shemeji yako mwenye akili,
Clifford

*

Filey, 9 Oktoba 2023

Shemeji Clifford,

Agosti Beryl alikaa kitini siku zote kumi na nne. Hakufika hata ufukweni, na ni hatua mia mbili. Wewe uliyemleta na kumchukua hukuona?

Nakuomba mambo mawili, na usifanye mzaha. Mpeleke kwa daktari na uingie naye ndani, usibaki kwenye gari. La pili, muulize ana karatasi gani alizowahi kuandika kwa wakili. Muulize tu. Mimi siwezi kusema zaidi.

Norma

*

Barnsley, 3 Novemba 2023

Shemeji Norma,

Umeanza kupiga ramli uzeeni? Karatasi gani? Beryl akiandika karatasi ni ya kununua maziwa. Nilimuuliza mezani: "Dada yako anasema una siri kwa wakili, una mume mwingine?" Akaweka uma chini, akaniangalia kama vile nina kitu usoni. Kisha akasema, "Kula, Cliff, kinapoa." Umeona? Hakuna kitu.

La daktari nimekutii. Niliingia. Kijana mwenyewe hana hata ndevu, anatuonyesha moyo wa plastiki anaufungua kama sanduku. Vali imechoka, wanaibadilisha, Januari. Nikamwambia mimi nimebadilisha vali elfu moja, za lori, za boila, lete spana. Hakucheka. Beryl alikuwa anajua tangu masika, Norma! Alikuwa anajua akanyamaza. Nilitaka kukasirika, nikaona vidole vyake vimeshika mkoba vimekuwa vyeupe, nikaacha.

Watamtengeneza. Wanafanya kila siku, kama kubadilisha tairi.

Riba inaingia kila mwezi, karibu mia nane na ishirini na tano, Bwana Kodi kimya. Nimemkusanyia Beryl taarifa zote za benki, nimeziweka kwenye bati la biskuti chini ya kitanda. Kila mwezi namsomea. Anasikiliza kama kanisani.

Clifford

*

Barnsley, 14 Januari 2024

Dada,

Ijumaa naingia hospitali, Jumatatu wananifungua. Clifford amepanga chumba nyumba ya wageni karibu na hospitali, anasema hataki kuendesha kwenye barafu. Hajawahi kuogopa barafu maisha yake.

Nataka kukuambia kitu ukiweke. Jana alikuwa ananiosha miguu, maana siwezi kuinama. Haimbi, hasimulii, ameinamisha kichwa. Nikaona kipara chake. Nikafikiri, huyu mzee nimemfanyia jambo baya. Nikafungua mdomo. Akainua uso akasema, "Unaona, mfalme wa vyuma chakavu ameishia kuosha miguu ya mwenye benki." Nikacheka, neno likarudi ndani.

Lakini nimeamua. Nikitoka nitamwambia mwenyewe, Jumapili ya kwanza nyumbani, tukishakula nyama. Nitamwambia yote, wosia na wazo na Adrian. Tutagawa katikati mbele ya wakili, na Adrian aje asaini. Nimeshachoka kuwa mjanja, Norma. Ujanja haupumziki.

Nikitoka.

Beryl

*

Filey, 18 Januari 2024

Clifford,

Soma barua hii kabla ya Jumatatu. Ukiipata, kaa kando ya kitanda cha Beryl, mwite wakili aje hospitalini, wanakuja.

Mwaka 98 dada yangu aliandika wosia. Mimi ni shahidi. Kila alicho nacho kinakwenda kwa Adrian. Alikuwa hana kitu. Sasa ana kila kitu, kwa sababu wewe umempa. Amesema atakwambia akitoka. Lakini nilimwona Agosti, na naogopa "nikitoka" yake.

Si kwamba hakupendi. Anataka akwambie mwenyewe. Ila nimeshindwa kukaa na jambo hili tumboni. Nimevunja ahadi niliyoishika miaka ishirini na mitano.

Norma

*

Barnsley, 11 Februari 2024

Norma,

Barua yako ilifika Jumamosi ya tarehe ishirini. Muhuri ni wa Ijumaa. Ilikuwa mlangoni, juu ya mkeka, chini ya matangazo ya madirisha mapya. Mimi nilikuwa nimeondoka na Beryl tangu Ijumaa. Nimeisoma Jumatano niliporudi peke yangu. Niliikanyaga kwanza.

Vali ilikaa vizuri, walisema. Moyo ndio uliokataa. Jumatatu jioni aliamka akaniona, akanikodolea macho, akasogeza midomo na bomba la kupumulia mdomoni. Nikamwambia nyamaza, utasema nyumbani. Nesi akasema anapoteza nguvu, mwache. Nikamwacha. Sasa najua alikuwa anataka kusema nini, na mimi ndiye niliyemwambia anyamaze.

Kwenye mazishi uliona nimekupita. Na yule alikuwa amesimama nyuma na koti lake la ofisi, mkono mfukoni. Amezeeka. Ana kichwa changu, bila nywele. Sikujua.

Wote mlikuwa mnajua. Wewe, yeye, wakili, jirani yako. Mimi nilikuwa napanda kwenye meza ya klabu najisifu, na nyinyi mnaniangalia kama mtu anayemwangalia ng'ombe akienda mwenyewe machinjioni. Miaka yote nilidhani mimi ndiye ninayetania watu.

Usiniandikie.

C. Haigh

*

Leeds, 4 Machi 2024

Kwa Bwana C. Haigh,

Ninakuandikia kama msimamizi wa mirathi ya marehemu Beryl Haigh, kwa mujibu wa wosia wake wa tarehe 6 Agosti 1998. Nyumba, kwa kuwa ilikuwa ya wote wawili, ni yako moja kwa moja. Mirathi yenyewe iko chini ya kiwango, kwa hiyo hakuna kodi ya urithi inayodaiwa. Nimehakiki mara mbili.

Naomba unitumie majina ya benki na nambari za akaunti. Taarifa zote zilikuwa zinakuja kwako.

Una haki ya kutafuta ushauri wa wakili wako. Mke au mume anaweza kwenda mahakamani kudai sehemu. Ninakuambia kwa sababu ni wajibu wangu kukuambia.

A. Haigh

*

Barnsley, 26 Mei 2024

Norma,

Nilisema usiniandikie, sikusema mimi sitaandika. Nyumba imekuwa kubwa. Nilikuwa nalalamika Beryl ananichokonoa, sasa saa ya ukutani ndiyo inayonisemesha, na haina jipya.

Nimekwenda kwa wakili. Kijana mzuri, kiatu kinang'aa. Anasema tukashtaki, mahakama haitamwacha mume wa miaka hamsini na mbili mikono mitupu, tutapata kitu, pengine nusu. Nikamuuliza, nashtaki nani? Akasema mirathi. Nikamuuliza, mirathi ndiyo nani, Beryl? Akaanza kueleza. Nikamwambia nieleze jambo moja tu: itabidi nisimame mbele ya hakimu niseme zawadi niliyompa mke wangu naitaka? Akasema, kwa namna fulani, ndiyo. Nikachukua kofia.

Lakini karatasi za benki sijampelekea yule. Bati liko chini ya kitanda, upande wake. Ameandika barua tano. Nimezipanga juu ya bati. Bila mimi hajui benki gani, na mimi kufungua mdomo siwezi. Klabu nimeacha kwenda. Wiki iliyopita mzee mmoja kule dukani akaniambia, "Cliff, simulia ile ya garimoshi." Nikashindwa kukumbuka lilianzaje.

Nakuuliza, na unijibu ukweli. Yeye ndiye aliyempangia mama yake? Ndiyo mtego wa ofisi ya kodi?

Cliff

*

Filey, 30 Mei 2024

Cliff,

Hapana. Adrian alimwambia mama yake akaunti ya pamoja. Ninayo barua ya Beryl ya Aprili mwaka jana, nimeiweka ndani ya bahasha hii. Isome mwenyewe, na uisome mpaka mwisho, hata pale pa klabu na vidole.

Ukishaisoma unichukie mimi. Mimi niko mbali, naweza kustahimili.

Norma

*

Leeds, 7 Juni 2024

Bwana Haigh,

Hii ni barua ya sita. Nalazimika kukujulisha jambo unalopaswa kulijua.

Mama alipokuwa hai, riba yake ilikuwa chini ya nafasi zake na hakudaiwa chochote. Lakini nafasi hizo ni za mtu aliye hai. Marehemu hana nafasi. Tangu siku aliyofariki, riba yote inakatwa kodi, pauni ishirini kwa kila mia. Kwa makadirio yangu, ikiwa ni akaunti za aina aliyonielezea mama mkubwa Norma, ni kama mia moja na sitini na tano kila mwezi. Itaendelea hivyo mpaka mirathi ifungwe, na haiwezi kufungwa bila hizo karatasi.

Mama mkubwa ameniambia pia unadhani nilipanga. Sikupanga. Nilijua tarehe 30 Januari, kwenye ofisi ya wakili, nikiwa nimesimama. Nilikaa.

Sikuomba hela hizi. Sijui la kufanya nazo. Lakini ni kauli ya mwisho ya mama, na sitaikanusha ili wewe ujisikie vizuri.

A. Haigh

*

Barnsley, 16 Juni 2024

Adrian,

Nimeandika jina lako. Limechukua siku nane.

Kwa hiyo Bwana Kodi ameingia. Nimemfungia mlango maisha yangu yote, amepita mlango ule ule alioondokea Beryl. Mia na sitini na tano kila mwezi, na anayemlisha ni mimi, kwa kukalia bati. Ningekuwa klabu ningesema hiyo ni nzuri, hebu nisimulie. Siwezi. Nikianza kucheka inageuka kitu kingine.

Nimesoma barua ya mama yako. Ile ya mashine, na nilichosema klabu. Nilikuwa nimesahau. Nasema ukweli, nilikuwa nimesahau kabisa, na hilo ndilo linalonitisha, maana kama nimesahau hilo sijui nimesahau mangapi mengine. Nilitaka watu wacheke kwa sababu siku ile hospitali ulinitazama hukulia, na mimi nilikuwa karibu kulia. Si kisingizio. Nakwambia lilivyokuwa.

Sikuombi hela. Usidhani ni ujanja. Pensheni yangu inatosha kula, na pai siku hizi sizimalizi.

Karatasi ninazo, benki zote nne. Kila nikizishika naona jina lake. Limeandikwa mara nyingi, kurasa na kurasa, Beryl Haigh, Beryl Haigh. Nikikupa, benki zinalifuta. Nikikaa nazo, Bwana Kodi analitafuna. Mara tatu nimezipeleka jikoni niziunguze, nikarudi nazo. Mara moja nilikuwa nimeshawasha moto.

Sizitumi kwa posta. Posta ya nyumba hii imeshaua mara moja. Njoo Jumamosi, saa sita mchana. Njoo peke yako, bila wakili. Sijui nikikuona nitafanya nini. Nakwambia mapema, usije ukasema hukuonywa. Naweza kukupa, naweza kukufukuza kama siku ile, mdomo wangu haunisikilizi tangu Januari.

Gonga kwa nguvu. Nikikaa kimya, usiondoke.

Baba yako,
Clifford